Sikudhani katika Nchi ya Papohapo

Anayetaka kuitafuta nchi ya Papohapo kwenye ramani asijisumbue. Wachora ramani wake walitangaza kuwa wamemaliza kazi kabla ya kununua wino, na tangazo lao likapokelewa kwa vigelegele. Tunachokijua kuhusu nchi hiyo tumekipata kwa Sikudhani, binti wa Bonde la Mkwiji, aliyekwenda huko akiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Wazee wa bonde walimchagua kwa sababu mbili zenye uzito. Ya kwanza, alikuwa hodari wa hesabu. Ya pili, alikuwa nyumbani, kwa kuwa shule yake ya bweni ilikuwa imemsimamisha kwa kosa la kuivisha kengele ya alfajiri soksi, hata shule nzima ikalala mpaka jua likatoka. Jambo hilo halihusiani na habari hii na hatutalitaja tena.

Kilichompeleka hakikuwa mchezo. Juu ya bonde kuna ziwa, na ukuta wa udongo unaolizuia ulikuwa umepata ufa ambao mtu mzima angeweza kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kila mtu alijua kwamba masika yakianza ukuta ule utabomoka. Ambacho hakuna aliyekijua ni njia ambayo maji yangeifuata. Bondeni kuna vilima viwili tu vya kukimbilia, Nungu na Kidevu. Kimoja kingebaki salama. Kingine maji yangekizunguka, yangekitafuna miguu, na kingeanguka pamoja na kila aliye juu yake. Tena ukienda Nungu lazima uvuke mto kwenye kivuko, na mvua ikishaanza hakuna anayerudi. Kwa hiyo watu wa Mkwiji walifunga mizigo yao, wakakaa juu yake penye njia panda, wakingoja kuambiwa.

Papohapo ilisifika kwa kitu kimoja: Uwanja wake. Ilisemekana kwamba ukiupelekea Uwanja mifano ya mambo yaliyopita, hujifunza, kisha hukuambia yajayo, tena kwa kasi ya kutisha. Waziri wa Kasi wa nchi hiyo, Mheshimiwa Chapuo, aliahidi kulijibu swali la Mkwiji na kulituma jibu mwenyewe kutoka kwenye mnara wake, unaoonekana vizuri kutoka bondeni. Moshi mmoja ungekuwa na maana ya Nungu. Mioshi miwili, Kidevu.

Sikudhani akachukua magunia ya vijiwe, kila kijiwe kikiwa na alama za mvua ya mwaka mmoja na mahali maji yalipopita mwaka huo, akaenda. Safari yenyewe haina la kusimuliwa. Aliondoka, akafika.

Asubuhi ya kwanza katika nyumba ya wageni aliagiza chai.

"Tayari!" akaitika mwenye nyumba, na papo hapo akamwekea kikombe cha maji baridi yenye majani yanayoelea.

"Mama, maji haya yamechemka?"

Mwenye nyumba alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, nimekwisha kuagiza yachemke."

Sikudhani alidhani anataniwa, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa kutania, alikunywa maji yale bila kukunja uso. Lakini barabarani alimkuta fundi akipokea pongezi kwa nyumba isiyo na paa, na kinyozi akimsindikiza mlangoni mteja aliyenyolewa upande mmoja. Ndipo alipoelewa. Katika nchi ile kuamuru na kutenda vilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Jambo lilikuwa limekwisha pale lilipotamkwa. Maneno "bado" na "subiri" yalikuwa yamefutwa kwenye kamusi kwa amri ya Mfalme, na anayeyatumia hadharani alipelekwa kusimama Uwanjani mpaka ulimi wake utakaponyooka. Haikusemwa ulimi hunyooka baada ya muda gani.

Baraza la Papohapo hukutana kwenye roshani pana iliyo kati ya Uwanja na mnara. Mbele yake kuna bonde lote la Mkwiji, chini kabisa, na watu wake walioonekana kama punje za mchele zilizomwagika penye njia panda. Nyuma yake kuna Uwanja. Na hapa Sikudhani aliona jambo alilolifikiria kwa miaka mingi baadaye: viti vyote vya baraza vilikuwa vimeupa Uwanja mgongo. Kuutazama Uwanja baada ya amri kutolewa ni utovu wa adabu, kama kumchungulia mtu anayeoga.

Kabla kikao hakijafunguliwa, aliyakabidhi magunia yake ya vijiwe, akaruhusiwa kuutazama. Watu wa Safu walisimama kwa maelfu, mistari kwa mistari, kila mmoja na bakuli lake la punje. Kila mmoja peke yake alijua mambo mawili tu, kujumlisha na kuzidisha. Ila wote walifanya jambo lilelile kwa wakati uleule, wakipigiwa ngoma, na ngoma moja ilitosha kufanya kazi ambayo darasa zima la Sikudhani lisingeimaliza kwa muhula. Walijifunza hivi: walikisia jibu, kisha mtu aliyesimama juu ya kichuguu, aliyeitwa Mpimakosa, aliwaambia wamekosea kwa kiasi gani. Kosa likiwa kubwa alipaza sauti, "Mbali! Mbali mno!" Kila mtu alitoa punje au kuongeza, wakakisia tena. Kosa lilivyopungua ndivyo sauti yake ilivyoshuka. Siku akinong'ona, Safu imejua.

Majibu yao yalitiririka kwenye chombo kimoja kilichoitwa Kibuyu Kikuu, kilichowekwa miguuni pa Waziri. Kilichokuwemo ndani wakati wa kuchota ndicho kilichokuwa jibu.

"Nacho huwa kinasuuzwa?" Sikudhani aliuliza.

"Kusuuza kunapoteza muda," akasema Waziri Chapuo. Alikuwa mtu mwembamba aliyezungumza huku akiwa ameshaanza kuondoka.

Mfalme alikaa katikati ya roshani, mtu mnene, mpole, anayependa kusifiwa. Alipiga kofi moja, na baraza likaanza kujadili jambo lililokuwa likilishughulisha kuliko maji, vilima na uhai wa watu: swali la Mkwiji litamkwe kwa lugha gani.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Kisigino, mkuu wa lugha ya Kinyayo, lugha kongwe na ngumu inayouambia kila unyayo wa Safu mahali pa kukanyaga.

"Liandikwe kwa Kinyayo," akasema. "Kila mtu aambiwe ainue mguu upi, achote punje ipi, aiweke bakuli gani. Ukiiambia Safu 'tafuteni njia ya maji,' unauambia upepo."

"Mzee wangu," akajibu Bi Madeko, mkuu wa lugha ya Kideko, mama mnene aliyejipepea kwa kipepeo cha ukili, "ukianza kuandika kwa Kinyayo, binti huyu atazeeka hapa. Mimi nasema tu, 'Jifunzeni, wapenzi,' basi. Wakalimani walio chini ya sakafu watayageuza kuwa Kinyayo, wajue wenyewe la kufanya."

"Na wakikosea?"

"Ndipo ninapokuita wewe."

Roshani ikacheka. Sikudhani alicheka pia, kisha akatazama milima, akaona wingu jeusi limekaa juu ya ziwa, akaacha kucheka.

"Waheshimiwa," akasema, "kwa heshima zote, yoyote itafaa. Mvua inakuja."

"Binti, usiseme 'yoyote' mbele ya wataalamu," Mzee Kisigino alimkanya.

Hapo akasimama bwana mmoja aitwaye Mpyampya, mwenye ndevu zilizokuwa zikijaribu kuota. Alikuwa amevaa beji kubwa kifuani. "Lugha zote mbili zimepitwa," akatangaza. "Nimebuni lugha inayobembeleza kama Kideko na kukimbia kama Kinyayo. Ina nembo. Ina wimbo. Ina wafuasi wasiohesabika."

"Hebu sema sentensi moja tuisikie," akasema Mzee Kisigino.

"Kwa sasa haina vitenzi. Vitenzi vitakuja toleo lijalo."

Baraza lilishangilia kwa muda mrefu. Nusu ya makarani walizitupa kalamu zao za Kideko na kuomba beji. Wengine walidai kwamba waliiamini lugha hiyo kabla haijabuniwa. Na wakati beji zikigawiwa, wingu lilitanuka likafunika ziwa lote, na upepo wenye harufu ya udongo uliolowa ukapita rohani kwa Sikudhani kabla haujapita puani.

Mwishowe Kideko kikashinda, kwa kuwa ndicho pekee ambacho msemaji wake alikuwa na sauti iliyobaki. Waziri alilipokea swali, akalikagua haraka, na kuanza kulipunguza.

"Umeandika 'kama mvua itanyesha upande wa juu.' Ondoa 'kama.' Mtu mmoja wa Safu akisema ndiyo na mwenzake akisema siyo, yule wa siyo husimama na mguu mmoja juu mpaka wa ndiyo amalize. Hatuwezi kulea miguu iliyosimama. Bondeni kuna watu wangapi?"

"Mia saba na kidogo, Mheshimiwa."

"Hicho kidogo tumekitupa. Namba zenye mikia zinatuchelewesha."

Sikudhani alimfikiria Bibi Somoe, nyanyake, ambaye siku zote huwa wa mwisho njiani kwa sababu ya goti. Alijua vizuri nani angekuwa kwenye kile kidogo. "Mheshimiwa," akasema polepole, "naomba kidogo kirudi."

"Umeomba, nimesikia, tumeendelea." Waziri akamwashiria Bi Madeko.

Bi Madeko aliinuka, akatamka kwa sauti tamu, "Jifunzeni, wapenzi!"

Chini ya sakafu ikasikika minong'ono, kisha sauti ikapanda kupitia nyufa za mbao: "Neno hilo limefutwa tangu jana! Tumia jipya!"

"Lipi jipya?"

"Halijaamuliwa!"

Bi Madeko, ambaye hakufika alipofika kwa kukata tamaa, aligonga sakafu kwa kisigino chake mara kadhaa na kutamka neno ambalo hatuwezi kuliandika hapa. Wakalimani walilielewa. Ngoma ikalia nyuma ya roshani.

"Tayari!" akapaza sauti Waziri Chapuo. Bendi ya baraza ikapiga wimbo wa Tayari, wenye matarumbeta mengi. Waziri alitumbukiza kata ndani ya Kibuyu Kikuu, akachota, akasoma jibu kwa heshima.

"Si paka."

Sikudhani akakichungulia kibuyu.

"Samahani?" akasema Sikudhani.

"Jibu ni 'si paka.' Usahihi wake ni wa hali ya juu."

Ikabainika kwamba juzi Uwanja ulifundishwa kutambua paka, kwa ajili ya kumfurahisha Malkia, na kwamba jibu la mwisho la kazi ile lilikuwa lingali ndani ya kibuyu.

"Mheshimiwa, mimi niliuliza habari za kilima."

"Na kilima si paka. Sioni kosa lilipo," akasema Waziri. Hata hivyo, kwa kuwa Mfalme alikuwa amekunja uso, alikubali kutoa amri upya. Bi Madeko akagonga sakafu. Ngoma ikalia.

"Tayari!" Matarumbeta. Kata ikaingia, ikatoka.

"Nungu!" akasoma Waziri, na safari hii roshani yote ikasimama kwa shangwe, kwa sababu jibu lilifanana na swali. Makarani wakakumbatiana. Mpyampya akadai kwamba lugha yake ilichangia. "Moshi mmoja!" Waziri akaamuru, na mwasha moto akapanda ngazi za mnara mbio.

Sikudhani naye alikuwa amenyanyua mikono ashangilie. Kisha matarumbeta yalipovuta pumzi, akasikia kitu nyuma yake, mbali kidogo, kupitia vumbi.

"Mbali! Mbali mno!"

Mikono yake ikabaki hewani. Mtu mwenye busara angeishusha na kuondoka na jibu lake. Alikuwa mgeni, peke yake, na roshani nzima ilikuwa ikimtabasamia. Sikudhani aligeuka.

Kule Uwanjani kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Watu wa Safu walikuwa wakitoa punje na kuongeza, jasho likiwachuruzika, na Mpimakosa juu ya kichuguu alikuwa amekaza mishipa ya shingo akipiga kelele. Jibu lililosomwa lilikuwa kisio lao la kwanza, la mtu anayerusha jiwe gizani.

"Wanafanya kazi," akasema. "Mheshimiwa, bado wanafanya kazi! Hilo si jibu!"

Bendi ikakatika. Walinzi wawili walikuwa wameshamshika mikono kabla hajamaliza. Makarani walifunika nyuso zao, wengine kwa sababu ya neno, wengine kwa sababu ya alikotazama.

"Binti," akasema Waziri kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko kelele, "umegeuka. Na umetamka."

"Nimegeuka, nimetamka. Zimeni moto ule."

"Amri imetolewa. Jibu limetoka. Kilichobaki kule nyuma ni utekelezaji, na utekelezaji haujadiliwi na baraza hili."

"Watu mia saba watapanda kilima kwa jibu hilo!"

"Na watakipanda kwa kasi ambayo haijapata kuonekana."

Juu ya mnara moshi mmoja ulikuwa umenyooka. Kule chini, punje za mchele zikatikisika, zikajipanga, zikawa uzi. Uzi ule ukaanza kusogea kwenye njia ya Nungu, kuelekea kivukoni. Sikudhani aliuona ukisogea. Angepiga kelele mpaka koo likauke, na wasingesikia. Angewaeleza hawa hesabu yote, na wangempongeza kwa kueleza. Neno la kuwataka wangoje halikuwepo katika nchi ile. Lilikuwa kosa la jinai, na tayari alikuwa na mashtaka mawili.

Basi akapiga magoti.

"Mtukufu Mfalme," akasema, na sauti yake ikawa ya unyenyekevu ule uliowahi kumponza mwalimu wa zamu zaidi ya mmoja, "kabla sijapelekwa kuadhibiwa, nina ombi. Sijashukuru."

Mfalme alipenda kushukuriwa. "Sema, mwanangu."

"Kwetu Mkwiji jibu kubwa kama hili halichotwi kwa kata kama uji wa bwenini. Ni aibu. Kwetu hutamkwa na wale wale waliolitafuta, wote kwa pamoja, wamepiga magoti mbele ya mfalme, wakianza na jina lake."

Mila hiyo ilikuwa na umri wa pumzi moja. Ilikuwa imezaliwa palepale kwenye mbao.

"Wote?" akauliza Mfalme.

"Maelfu kwa maelfu, Mtukufu. Sauti moja. Watu wangu hawatathubutu kulidharau jibu lililotamkwa hivyo. Na kila mmoja atajua jibu la kasi kuliko yote duniani lilitoka kwa nani."

Mfalme aliketi vizuri. "Chapuo, nalitaka hilo."

Kwa mara ya kwanza Waziri wa Kasi hakuwa na haraka. "Mtukufu, Safu ina... ina shughuli kidogo."

"Shughuli gani? Si umesema tayari?"

Bi Madeko akaacha kujipepea. Alimwinamia Mzee Kisigino akamnong'oneza, "Hawawezi kuacha bakuli kabla hawajamaliza."

"Najua," akanong'ona mzee. "Ndivyo Kinyayo kilivyoandikwa."

"Basi tumekwisha."

"Tumekwisha," akakubali Mzee Kisigino, na inasemekana hilo ndilo jambo la kwanza walilowahi kukubaliana.

Amri ikapelekwa: Safu ije mbele ya Mfalme mara tu itakapoweka bakuli chini. Waziri alisema "Tayari!" kwa sauti iliyopasuka. Bendi ikapiga wimbo wa Tayari mpaka mwisho, na hakuna aliyekuja. Bendi haikujua wimbo mwingine.

"Mbona hawaji?" akauliza Mfalme.

Neno la kumjibia lilikuwa limefutwa kwenye kamusi kwa amri yake mwenyewe.

Basi wakakaa. Sijui kama kuna nchi iliyowahi kukaa hivyo. Watu wazima walizitazama kucha zao kana kwamba wanaziona mara ya kwanza. Mpyampya alianza kutangaza toleo jipya, akatazamwa na Mfalme, akaliahirisha. Na katika kimya kile sauti ya Mpimakosa ikasikiwa na kila mtu, hata wale walioapa maisha yao yote kwamba nyuma ya roshani hakuna kitu.

"Mbali!"

Sikudhani hakuangalia nyuma tena. Alikuwa akiutazama uzi. Ulikuwa umepita miti ya mwanzo. Mkiani mwake kulikuwa na pengo, na baada ya pengo vitone vichache vilivyobaki nyuma, na kimoja kati ya vitone vile bila shaka kilikuwa na goti bovu.

"Mbali kidogo!"

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya beji ya Mpyampya. Kule milimani kukanguruma. Kichwa cha uzi kilikuwa kimeshauona mto.

"Njooni basi," akasema Sikudhani kwa midomo bila sauti. "Njooni, njooni."

"Karibu," ikasema sauti, bila kupayuka sasa, kama mtu anayeongea na jirani. Kisha, "Karibu zaidi." Kisha ikawa lazima wazuie pumzi ili waisikie. Kisha ikawa mnong'ono, na baada ya mnong'ono ikaja sauti ya maelfu ya mabakuli yakiwekwa chini kwa pamoja, sauti ambayo Baraza la Papohapo halikuwahi kuisikia tangu lilipoundwa.

Wakaja. Walizijaza ngazi na kingo za roshani, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wakapiga magoti.

"Mtukufu Mfalme wa Papohapo," wakasema kwa sauti moja, "Kidevu."

Mfalme alitabasamu, ameridhika kabisa. Alikuwa amesikia jina lake.

"Kama nilivyosema," akatangaza Waziri.

"Ulisema Nungu!" akalia Sikudhani.

"Nilisema jibu limetoka. Sikusema lipi."

Lakini Sikudhani alikuwa ameshachomoka. Walinzi hawakuwa wameamriwa lolote jipya, na shingo zao zilikuwa zimegeukia Safu. Alipanda ngazi za mnara akimwita mwasha moto. "Wa pili! Washa wa pili!"

"Kuni zimelowa, dada!" mwasha moto akajibu kutoka juu. Aliinua gogo, likachuruzika maji. "Huu mmoja wenyewe naukinga kwa kanzu yangu!"

Sikudhani alitazama chini. Kitu pekee kikavu kilichokuwa kimebaki katika roshani ile kilikuwa chini ya makalio ya baraza.

"Viti!" akapiga kelele. "Waheshimiwa, inukeni! Nipeni viti!"

Hakuna aliyeinuka. Mti wa viti vile ulikuwa umekaukia pale kwa vizazi. Kisha Bi Madeko akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akashika benchi lake upande mmoja. "Kisigino, shika huko."

"Ukitanguliza upande huo halitapita mlangoni."

"Shika, mzee, utanifundisha njiani!"

Wakalipandisha wakigombana kila ngazi. Likaja la pili, na la tatu, yakivutwa na watu wa Safu ambao walijua jambo moja vizuri kuliko wote, kufanya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mbao zikavunjwa magotini. Moto ukashika kwa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, na moshi wa pili ukapanda kando ya ule wa kwanza, mweusi, wenye harufu ya nta, ukipambana na mvua.

Kule chini kichwa cha uzi kilikuwa kimeshaingia mtoni.

Sikudhani aliegemea ukingo wa mnara. Uzi ulisimama. Ulisimama muda ambao hakuna anayeweza kuueleza, kila mtu katika uzi akiwa na mzigo kichwani na maji yakipanda, akijiuliza kama macho yake yamehesabu sawasawa. Labda wangedhani ni moshi mmoja uliogawanywa na upepo. Labda aliye mbele angesema tumefika hapa, tuvuke.

Kisha mtu mmoja aliye mtoni akageuka. Akageuka wa pili. Uzi ukajikunja, na waliokuwa wa mwisho wakawa wa mbele, wakielekea Kidevu.

Huku roshani, baraza lote lilikuwa limesimama, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa. Waziri Chapuo aliuona uzi ukigeuka. Akajaza mapafu.

"Tayari!" akapaza sauti. Matarumbeta yakainuliwa.

"Bado," akasema Sikudhani, bila kumtazama.

Walinzi walimwangalia Mfalme. Mfalme alikuwa ameshika ukingo kwa mikono miwili, mvua ikimwagikia kwenye taji, anautazama mteremko wa Kidevu ambako vitone vichache vilikuwa vinapanda polepole mno, kimoja kikisimama kila baada ya hatua chache kushika goti.

"Bado," akasema Mfalme.

Matarumbeta yakashushwa, na wote wakabaki wamesimama pale mvuani, wakitazama, mpaka kitone cha mwisho kilipofika juu.